Imeshonwa kwa Uzi Gani? Namna ya Kusoma Wahusika na Ishara katika Riwaya za Kimarekani

Mpwa wangu alinijia na nakala ya The Scarlet Letter pamoja na daftari ambalo ukurasa wake mzima ulikuwa na mstari mmoja: herufi A ni ishara ya dhambi. "Shangazi," akaniambia, "nimetakiwa niandike ishara tano na nichambue wahusika watatu. Nimepata hii moja, na hata hii sijui niseme nini zaidi."

Nikamwuliza hiyo herufi imeshonwa kwa kitambaa gani na kwa uzi gani. Akanitazama tu. Alikuwa amekisoma kitabu chote, sura 24, na hakukumbuka.

Mimi ni fundi wa nguo. Nimekaa mbele ya cherehani miaka 26, na riwaya za Kimarekani nimezisoma jioni baada ya kazi, nyingine mara tatu au nne, kamusi ikiwa pembeni. Uchambuzi wa fasihi sikufundishwa darasani. Nilichonacho ni mazoea ya kazi. Mteja akiniletea gauni, anataka lingine kama lile, siangalii kwanza linavyopendeza. Naligeuza ndani nje, natazama mishono. Vitabu navyo nimevisoma hivyo hivyo, na haya yafuatayo ndiyo niliyomwonyesha mpwa wangu kwa siku kadhaa, mimi nikishona na yeye akinisomea kwa sauti.

Anza na kitu chenyewe

Kitu kikikuvutia ndani ya riwaya, usikimbilie maana yake. Kijue kwanza kama kitu: kimetengenezwa kwa nini, na nani, kinafanya kazi gani, na watu waliomo humo wanakithamini vipi. Mara nyingi maana imo humo humo, kwenye utengenezaji.

Mtazame Hester Prynne. Nathaniel Hawthorne alichapisha riwaya hiyo mwaka 1850, lakini hadithi ameiweka Boston ya miaka ya 1640, kwenye koloni la Wapuriti, watu wasiocheka na mtu katika mambo ya dini. Hester amezaa mtoto, naye hataki kumtaja baba wa mtoto huyo. Mumewe hajulikani aliko. Mahakimu wamemhukumu avae kifuani herufi A, ya neno la Kiingereza adultery, yaani uzinzi. Anapotoka mlangoni mwa gereza katika sura ya pili, watu wanaona kitu wasichokitarajia: herufi ya kitambaa chekundu kizuri, imezungushiwa tarizi ya uzi wa dhahabu, kazi ya mkono iliyojaa manjonjo. Korti ilitoa adhabu, lakini namna ya kuishona haikuitaja, na hapo ndipo Hester alipopitisha sindano yake.

Sasa wasikilize wanawake waliosimama pale uwanjani. Mmoja anakiri kwamba Hester sindano anaijua, ila analalamika kuwa ameigeuza adhabu kuwa fahari. Mwingine, mwenye uso mkavu kuliko wote, anasema afadhali avuliwe gauni lile la thamani, na herufi ashonewe nyingine kwa kiraka cha flana yake yeye bibi, ile anayovaa kwa ajili ya baridi yabisi. Wa tatu ni mke kijana aliyemshika mtoto mkono. Anawaomba wapunguze sauti, kwa maana hakuna hata mshono mmoja katika herufi ile ambao Hester hakuusikia moyoni. Herufi ni moja, haijamaliza hata saa moja hadharani, na tayari imesomwa namna tatu. Ukiandika "ni ishara ya dhambi" ukaishia hapo, umewafuta wanawake wote hao, na Hester pamoja nao.

Halafu nenda sura ya tano, ambayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Hester anaishi kwa sindano. Anawashonea wakubwa wa koloni kola za sherehe, anashona nguo za watoto wachanga, anashona sanda. Mji uliomtenga unavaa kazi ya mikono yake tangu kuzaliwa mpaka kuzikwa. Kuna kitu kimoja tu hajawahi kuitiwa: kutarizi shela ya bibi harusi. Mwandishi analisema hilo kwa sentensi moja na kupita. Mimi niliposoma mara ya kwanza niliweka kitabu chini, kwa sababu najua fundi anavyonyimwa kazi. Haambiwi "hufai". Haletewi kitambaa, basi.

Na wakati yeye mwenyewe anavaa kitambaa kigumu cha rangi ya huzuni, binti yake Pearl, jina ambalo kwetu lingekuwa Lulu, anamvalisha mahameli nyekundu yenye nakshi ya dhahabu, mpaka kitabu chenyewe kinamwita mtoto huyo herufi iliyopewa uhai. Miaka ikipita, watu wa mji wanaanza kusema A ile ni ya neno able, yaani mwanamke hodari, maana amewasaidia wagonjwa na maskini. Kitambaa hakikubadilika. Waliobadilika ni wanaokitazama.

Shika daftari, fuata kitu kinaporudi

Kila kitu kinapotokea tena, andika mambo manne: ni sura ya ngapi, nani anakitazama, nini kimetokea muda mfupi kabla, na tangu mara iliyopita kimebadilika nini. Ni kazi ya kuchosha kwa sura tatu za mwanzo. Baada ya hapo inakuwa kama kufuata uzi kwenye kitambaa.

Kitabu kizuri cha kuanzia mazoezi haya ni The Great Gatsby cha F. Scott Fitzgerald, cha mwaka 1925, kwa kuwa ni kifupi, sura tisa tu. Mambo yake yanatokea kiangazi cha 1922, Long Island, karibu na New York. Kila mtu anajua kwamba humo mna taa ya kijani, na wengi huandika "matumaini" wakafunga daftari. Wewe ifuate.

Mwisho wa sura ya kwanza, msimulizi Nick Carraway anamwona jirani yake, Gatsby, amesimama peke yake gizani, amenyoosha mikono kuelekea majini, kama anayetetemeka. Nick anaangalia kule alikoangalia jirani, haoni ila taa moja ya kijani, ndogo, ya mbali, pengine ya mwisho wa gati. Akigeuka tena, Gatsby hayupo. Andika kwenye daftari: taa inamtetemesha mtu, na sisi hatujaambiwa kwa nini.

Sura ya tano, Gatsby hatimaye amempata Daisy, mwanamke aliyemtafuta miaka mitano. Wamesimama karibu na dirisha. Anamwambia kwamba isingekuwa ukungu wangeiona nyumba yake ng'ambo ya ghuba, na kwamba taa ya kijani huwaka usiku kucha mwisho wa gati lao. Daisy anampitishia mkono wake. Na papo hapo Nick anahisi kitu kimepungua: sasa ile ni taa ya gati tu, na vitu vyenye uchawi katika maisha ya Gatsby vimepungua kimoja. Mara ya mwisho ni kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu. Gatsby ameshazikwa, na Nick anaiwaza taa ile sambamba na mabaharia wa Kiholanzi walioiona nchi hiyo mbichi kwa mara ya kwanza.

Soma daftari lako sasa. Taa ina nguvu wakati Daisy yuko mbali. Daisy akifika, inakufa nguvu ingawa bado inawaka. Neno "matumaini" halikuambii hilo. Daftari limekuambia kwamba mtu huyu alikuwa amezoea umbali kiasi kwamba ukaribu ulimpunguzia kitu, na hukuhitaji kitabu cha uchambuzi kulijua. Ulihitaji kuhesabu mpaka tatu.

Sura hiyo hiyo ina mashati, na hapo lazima mnivumilie kidogo. Gatsby anafungua kabati na kuanza kurusha shati moja baada ya jingine: kitani chepesi, hariri nzito, flana laini, rangi ya matumbawe, kijani cha tufaha, zambarau hafifu. Daisy anazamisha uso kwenye rundo na kulia, akisema hajawahi kuona mashati mazuri namna hii. Watu husema hapo pana utajiri na miaka iliyopotea, na ni kweli. Lakini jicho langu lilikwenda kwenye jambo dogo: mashati yametariziwa herufi za jina kwa uzi wa buluu. Jina lipi? Mtu huyu alizaliwa James Gatz, mtoto wa wakulima wasio na mafanikio kule North Dakota. Jay Gatsby ni jina alilojipa mwenyewe akiwa na miaka 17, siku alipoiona mashua ya tajiri Dan Cody. Hester alipewa herufi na korti, akaipamba kwa dhahabu. Gatsby alijichagulia zake na kumlipa mtu azishone. Vitabu hivi vinatenganishwa na miaka 75, nami sisemi kimoja kilikiiga kingine. Nasema ukitumia daftari moja kwa vitabu vyote, kurasa zinaanza kuitikiana.

Tazama anayetazama

Kama una nafasi ya kusoma sura moja tu ili uelewe ishara inavyofanya kazi, soma sura ya 99 ya Moby-Dick. Herman Melville alikitoa kitabu hicho mwaka 1851. Ni kirefu, sura 135 na hitimisho, na wengi hukiacha njiani. Hiyo moja unaweza kuisoma hata leo usiku.

Habari yake ni hii. Nahodha Ahab, aliyekatwa mguu na nyangumi mweupe, amepigilia sarafu ya dhahabu kwenye mlingoti. Ni zawadi ya atakayekuwa wa kwanza kumwona nyangumi huyo. Ni sarafu ya Ecuador, thamani yake dola 16. Imechorwa vilele vitatu: kimoja kinatoa moto, kimoja kina mnara, kimoja kina jogoo anayewika, na juu yake jua na baadhi ya buruji za nyota. Katika sura hii mabaharia wanapita mbele yake mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anasema anachokiona.

Ahab anaona mnara, anasema huo ni Ahab. Volkano ni Ahab. Jogoo naye ni Ahab. Starbuck, msaidizi wake mcha Mungu, anaona Utatu, na bonde la mauti, na jua linalowamulika walio chini. Stubb anachukua kalenda ya nyota na kuzisoma buruji kama maisha ya mwanadamu tangu kuzaliwa. Flask haoni ila kitu cha mviringo cha dhahabu: dola 16, na sigara moja ni senti mbili, kwa hiyo ni sigara 960. Chukua kalamu upige hesabu mwenyewe. Ni 800. Kama kosa ni la Flask au la Melville, kitabu hakisemi, lakini mimi naona linamkaa Flask kama nguo aliyopimiwa: kitu pekee alichokiona katika dhahabu ile ni bei, na bei yenyewe ameikosea.

Anapita Queequeg, mrusha chusa kutoka visiwa vya Pasifiki, analinganisha michoro ya sarafu na chale za mwilini mwake. Stubb, aliyejibanza pembeni akichungulia, anadhani huyu ameichukulia sarafu kuwa kifungo kikuukuu cha suruali ya mfalme. Wa mwisho ni Pip, kijana mweusi aliyewahi kuachwa peke yake katikati ya bahari mpaka akili ikamtoka. Yeye anasema tu: ninatazama, unatazama, anatazama, tunatazama, mnatazama, wanatazama. Kama mwanafunzi anayekariri vitenzi. Nimemsoma Pip mara nyingi, na kila mara naona kwamba katika meli yote ni yeye aliyeelewa kinachotendeka pale mlingotini.

Basi toa swali la "sarafu ina maana gani" na uweke "ina maana gani kwa nani". Utaona wahusika na ishara ni somo moja, si masomo mawili. Mhusika unamjua kwa anachokiona kwenye kitu, na kitu unakijua kwa wanaokitazama. Hata nyangumi mwenyewe: Ahab anaona kila uovu wa dunia umejikusanya katika mwili mmoja mweupe, na Starbuck anamwambia usoni kwamba ni mnyama asiye na akili aliyempiga kwa silika yake. Wote wawili wamo kitabuni. Usiwe na haraka ya kumchagua mmoja.

Katika kitabu hicho hicho kuna jeneza, na hilo linafundisha jambo lingine: kitu kinachobadilishiwa kazi. Queequeg anaugua homa, anamwomba seremala amchongee jeneza. Anapona. Jeneza analifanya sanduku la nguo, na kwenye kifuniko anachonga michoro inayofuata chale za mwili wake. Baadaye boya la kuokolea watu linapotea baharini, na seremala anaagizwa alikalafati lile jeneza, yaani azibe nyufa zake maji yasiingie, liwe boya. Katika sura ya 126 seremala ananung'unika. Anasema ni kama kugeuza koti kuukuu, upande wa ndani uwe nje. Anapenda kazi safi inayoanza mwanzoni na kuishia mwishoni, hapendi kazi za viraka.

Koti la kugeuza nalijua. Unalifumua lote, unapiga pasi kila kipande, unakishona tena upande uliofifia ukiwa ndani. Kitambaa ni kile kile na matundu ya sindano ya zamani yanabaki, ukiyatafuta utayaona. Meli inapozama, Ishmael msimulizi anaelea juu ya jeneza hilo karibu mchana na usiku mzima, na ndilo linalomwacha hai atusimulie. Unapoandika kuhusu kitu cha namna hii, usiseme "jeneza ni ishara ya kifo na pia ya uhai", kwa maana hapo hujasema kitu. Taja kazi zake kwa mfuatano: jeneza, sanduku, boya. Taja aliyeomba kila kazi. Taja michoro ya Queequeg iliyobaki juu yake wakati mwenye mwili wenye chale hizo ameshazama.

Mhusika ni mtu kwanza

Majina yapitie haraka tu, kwa sababu waandishi hawa waliisoma sana Biblia na hawakuficha. Ahabu ni mfalme mwovu wa Israeli katika Kitabu cha Wafalme, Ishmaeli ni mwana wa Hajiri aliyefukuzwa jangwani. Ukijua hayo, umeonywa mapema. Asiye na jina pia mwandike: katika Of Mice and Men ya John Steinbeck, ya mwaka 1937, mwanamke pekee aliyeko shambani hatajwi jina hata mara moja, anaitwa mke wa Curley. Ana viatu vyekundu vyenye manyoya ya mbuni katikati ya vumbi la California. Viatu vina maelezo, mwenyewe hana jina. Hilo peke yake linatosha aya nzima.

Lakini kosa linaloniumiza zaidi ni la kumgeuza mtu kuwa alama. Katika Adventures of Huckleberry Finn ya Mark Twain, iliyotoka Marekani mwaka 1885, wanafunzi huandika kwamba mto Mississippi ni ishara ya uhuru na Jim ni ishara ya watumwa. Chukua ramani. Mto unatiririka kwenda kusini, na kusini ndiko utumwa ulikokuwa mkali zaidi. Mpango wa mvulana Huck na Jim, mtumwa aliyetoroka, ulikuwa kufika mji wa Cairo, pale mto Ohio unapoingia, wapande Ohio mpaka majimbo yasiyo na utumwa. Wakapitwa na Cairo usiku wa ukungu. Tangu hapo kila maili ya maji hayo matamu inampeleka Jim karibu zaidi na watu watakaomuuza. Mto unawapa amani ya usiku na unawaangamiza kwa wakati mmoja. Ukiandika "uhuru" umeusoma mto bila kuangalia unakokwenda.

Na Jim. Nenda sura ya 23. Huck anaamka alfajiri anamkuta amejiinamia, kichwa katikati ya magoti, anaomboleza. Anawawaza mkewe na watoto wake. Anasimulia jinsi binti yake Elizabeth, wa miaka kama minne, alivyopona homa kali, na siku moja akamwambia funga mlango. Mtoto akasimama tu anatabasamu. Akamwambia tena kwa ukali, hakutii, akampiga. Baadaye upepo ukaubamiza mlango nyuma ya mtoto kwa kishindo, na mtoto hakushtuka. Alikuwa kiziwi. Jim anasema alilia, akamkumbatia, na hatajisamehe maisha yake yote.

Mpwa wangu alipofika hapo aliacha kusoma. Mimi niliondoa mguu kwenye cherehani. Alama haina binti. Mwandishi angetaka Jim asimame mahali pa watumwa wote, asingempa mlango ule. Kwa hiyo kila unapomchambua mhusika, tafuta jambo moja alilolifanya au kulisema ambalo halihitajiki katika kisa, jambo ambalo ukilitoa hadithi bado itasonga. Hapo ndipo mtu alipo.

Nguo ni msaada mkubwa katika kumfuata mhusika, na silisemi hilo kwa kupigia debe kazi yangu. Mchukue Janie katika Their Eyes Were Watching God ya Zora Neale Hurston, ya mwaka 1937. Mumewe Joe Starks, meya wa Eatonville kule Florida, anamwamuru afunge nywele kwa kitambaa akiwa dukani. Sababu hamwambii: amemwona mwanamume mwingine akigusa ncha ya nywele zake kwa nyuma. Kitambaa kinakaa kichwani miaka na miaka. Joe anapokufa, Janie anakivua, anajitazama kwenye kioo, anaziachia nywele zake, kisha anazifunga tena, anapanga uso wake, anafungua dirisha na kuwaambia watu kwamba mumewe amefariki. Baada ya mazishi, usiku ule ule, anavichoma vitambaa vyote.

Angalia pale katikati, alipozifunga tena. Msomaji mwenye pupa anaruka kutoka kuvua hadi kuchoma, anaandika "amekombolewa". Lakini kuna muda ambao mwanamke huyu anazifunga nywele kwa hiari, anajua anachokifanya, kwa sababu mji unataka kumwona mjane. Ni nywele zile zile, ila safari hii amezifunga kwa uamuzi wake mwenyewe. Na kitabu kinapoanza, kabla hatujajua lolote, wanawake walioketi barazani wanamwona akirudi na ovaroli, nywele zimeshuka mgongoni, wanaulizana liko wapi lile gauni la satini ya buluu aliloondoka nalo. Ukirudi kwenye ukurasa huo baada ya kumaliza kitabu, swali lao linasomeka tofauti kabisa.

Ukifika wakati wa kuandika

Usianze na neno "ishara". Anza na kitendo: nani alifanya nini na kitu gani, wapi kitabuni. Kisha sema kilichobadilika. Maana iweke mwisho wa aya, na iwe imeshikwa na hayo uliyoyataja, kiasi kwamba mtu akikupinga umwonyeshe ukurasa. Mpwa wangu aliufuta mstari wake akaandika hivi: "Korti ilimpa Hester herufi, Hester akaishona kwa uzi wa dhahabu, na mji ukaanza kumletea vitambaa vyake vyote isipokuwa shela." Bado hajasema maana, lakini ukisoma sentensi hiyo maana unaisikia inabisha hodi. Aya iliyofuata ilimtoka yenyewe.

Ishara tano alizotakiwa zilifika saba. Ya mwisho aliichagua kutoka Beloved ya Toni Morrison, ya mwaka 1987, ambayo tuliisoma polepole kwa sababu inauma. Sethe, mtumwa katika shamba la Kentucky linaloitwa Sweet Home, anataka harusi. Bibi mwenye nyumba anacheka kidogo tu. Sethe hana kitambaa, kwa hiyo anaanza kuiba kidogo kidogo vya bibi huyo: foronya mbili kutoka kwenye kapu la nguo za kurekebisha, zikawa sehemu ya juu; kitambaa cha juu ya kabati kilichotobolewa na mshumaa, kikawa mbele ya sketi; kwa nyuma, chandarua kikuukuu alichokifua na kukiloweka kadiri alivyoweza. Na wakati wote anajua kwamba baada ya harusi itabidi alifumue gauni lote na kurudisha kila kipande kilipotoka.

Mpwa wangu alikaa kimya, kisha akaniuliza, "Shangazi, sasa alilishonaje, ili alifumue bila kuharibu foronya za watu?"

Nikamwonyesha kwenye kipande cha kanga kilichokuwa mezani: mishono mirefu, iliyolegea, isiyofungwa fundo gumu mwishoni, ile ambayo mshonaji anaipitisha huku akijua ataivuta. Akaichukua sindano, akajaribu mwenyewe mara mbili, akauvuta uzi ukatoka. Ndipo akafungua daftari.